Chumvi ya Masika

Beni

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia nikiwa nimeketi kwenye dawati la darasa la pili, watoto wamekwenda nyumbani na kelele zao. Hujambo? Mguu wako wa kulia je, bado unakusumbua ukipanda kwenda shambani? Na mvua huko Kasongo, imekuja au inawachezea tu? Sisi tunapumua. Veronika anakusalimu sana, mtoto ananenepa. Mimi nimekonda, lakini mke wangu anasema nilikonda tangu kwenu.

Katika barua yako uliniuliza neno moja tu: mtoto amebatizwa? Mimi nikawa nakujibu habari za shule na za bei ya mihogo. Nilikuwa na hasira, Mama, na hasira yenyewe ilikuwa kwa Mungu. Jambo hilo si rahisi kumwandikia mama kama wewe.

Unajua jinsi tulivyokimbia waasi kwa miguu mpaka Butembo, tukapokewa mtaa wa Kimemi na watu wasiotujua. Kule juu ni baridi, na binti yetu Regina akashikwa na kifua. Hospitali ilikuwa na vitanda, haikuwa na dawa. Nilisali kama ulivyonifundisha, magoti juu ya saruji, na mtoto akafa. Tuliporudi Beni tukakuta mlango umeng'olewa. Mshahara haupo, chumvi haipo. Tangu Wabelgiji waondoke wakubwa wanabadilishana viti, sisi tunaongeza matundu kwenye mkanda. Nikajiuliza: baba gani huyu anayesikia watoto wanalia, naye anacho, akanyamaza? Jumapili nilikuwa nawapeleka wanafunzi kanisani kwa kuwa ni kazi yangu, kisha nasimama nje naangalia mbuzi. Yosefu alipozaliwa nikamwambia Veronika kwamba huyu sitampeleka.

Sasa nikueleze habari za jirani yetu, Masika. Ni mwanamke wa huku huku, Mprotestanti, na mume wake alichukuliwa na waasi, hajarudi mpaka leo. Yeye hutembea mpaka Katwe, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kutafuta chumvi ya ziwani. Katika ukoo wao, anayerudi na chumvi hapiki kabla hajapeleka konzi moja kwenye nyumba yenye msiba. Akatuletea yetu ndani ya jani la mgomba. Badala ya kushukuru, nikamwuliza kwa uchungu:

"Masika, weye bado unaomba? Mungu alikusaidia nini?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, unazani mimi sigombanake naye? Toka Katwe mpaka hapa nilikuwa namugombeza. Namuuliza, bwana yangu iko wapi? Lakini kule njiani ningegombana na nani mwingine? Tulikuwa naye tu, sisi babili."

Nikaichukua chumvi, nikaingia ndani.

Jumapili iliyopita padre alifika kutoka Butembo, baada ya muda mrefu bila padre. Veronika hakuniomba ruhusa. Alimvalisha mtoto akatangulia, nami nikafuata, nikasimama nje na mbuzi wangu. Nilisahau kitu ambacho mtoto wa mafundisho anakijua: ubatizo huanzia mlangoni. Padre akatoka, na wasimamizi, na akina mama na watoto mikononi, wote wakasimama pale nilipo. Nilikimbia kanisa, kanisa likanifuata nje.

Padre akauliza: "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Wasimamizi wakajibu kwa pamoja: "Imani." Mama, neno hilo nimelisikia tangu nanyonya. Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba ni ombi. Anayeomba ugali ana njaa, na anayeomba imani, basi hana. Wala hakuna aliyefukuzwa.

Ikafika zamu ya chumvi, ile ya kuwekwa kwenye ulimi wa mtoto. Msaidizi akafungua kopo, akaligeuza juu chini.

"Hapana chumvi, mon père. Basoda ba jeshi balimaliza yote."

"Donc tutangoja," padre akasema. "Nitarudi mwezi ingine."

Mama mmoja akasema polepole: "Mwezi ingine? Wangu iko na homa leo."

Nikatazama chini. Chumvi ilikuwa nyumbani kwetu, karibu na mafiga, konzi nzima. Veronika alijua, lakini hakunitazama hata kidogo. Watoto walikuwa wanalia, nami ninacho, na nimenyamaza. Nilipojiona hivyo niliona haya, Mama, nikatoka mbio na viatu vyangu vya mwalimu, wanafunzi wakishangilia.

Nilipoileta chumvi, padre akaibariki. Yosefu aliilamba, akakunja uso, kisha akatoa tena ulimi kutafuta nyingine. Watu wakacheka, padre naye. Nilicheka, halafu nikalia mbele ya wanafunzi wangu wote. Iliyobaki akina mama waligawana, na sisi tunakula majani ya sombe bila chumvi mpaka leo. Masika alipopata habari alipiga makofi: "Chumvi ya Baprotestanti imebatiza batoto ba Kikatolika! Hapana ambia pasta yangu!"

Basi amebatizwa, Mama, kwa jina la marehemu baba. Nisalimie dada mkubwa na mume wake fundi cherehani. Nisalimie shangazi, na yule katekista mzee aliyenifundisha kusoma, na wote wa kwenye kisima.

Usiwaambie kwamba mwanao ameongoka. Regina yuko mbele ya macho yangu kila siku, na swali langu ni lile lile. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nalisema pembeni, na sasa namwuliza Mungu mwenyewe. Jana nilipaza sauti mpaka Veronika akatoka jikoni kuniuliza nagombana na nani. Nikamwambia.

Ni mimi mwanao,
Bonifasi