Muthokoi wa Mgeni Asiyekuja

Noonkopir,
S.L.P. 318,
Kitengela.
14 Juni 2008

Mpendwa mdogo wangu Mbeke,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo wewe, na shemeji Mulinge je? Joto la Magadi bado halijawakausha? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na kile kikohozi cha vumbi ambacho kimenizoea kuliko watoto wangu.

Huku mvua imetukimbia mapema. Jirani yangu Naisenya amehamisha ng'ombe kwenda kwa ndugu zake upande wa Kajiado, na sasa hata zile kengele zao za asubuhi sina. Tangu tumzike baba Roy, sikujua nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa hivi. Mwanangu Roy hupiga simu Krismasi tu.

Sasa nikuambie jambo, na usinicheke. Naandika barua kwa sababu simu yenyewe siku hizi naiogopa. Mwezi uliopita kijana alinipigia, akasema yeye ni Emmanuel wa benki yetu. Alijua jina langu lote. Eti kadi za ATM zinabadilishwa, kwa hivyo nimsomee namba ya kadi na ile ya siri. Nikamwambia miwani imepotea, na ilikuwa kweli. Basi akapiga kesho yake, na keshokutwa. Kila mara, "Mama, umeshindaje? Kile kikohozi kimepungua?" Mbeke, nani mwingine aliuliza kikohozi changu mwezi huo? Miwani niliipata siku ya pili. Niliendelea kusema imepotea.

Unajua pesa zilizo kule benki ni za nini. Ni mafao ya baba Roy, za kujenga kile kinyumba kando ya chenu kule Mwala, shemeji akistaafu, tuzeeke tukisikiana tukikohoa. Sina nyingine.

Mwishowe nikamwambia Emmanuel kwamba kitu kama hicho siwezi kumpa mtu ambaye hajala kwangu. Aje Jumamosi nimpikie, nimpe ana kwa ana. Akakubali. Nilichemsha muthokoi tangu asubuhi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe yake, nikatandika kile kitambaa cha maua ulichonishonea, nikanunua na soda. Saa nane simu ikalia.

"Mama, nimebanwa na kazi. Nisomee tu hizo namba haraka, akaunti inafungwa leo."

"Muthokoi umeiva," nikamwambia.

"Wacha hiyo muthokoi, mama! Namba!"

Kadi ilikuwa mkononi, miwani machoni. Nikakata simu. Mtoto aliyelelewa hawezi kumjibu mama hivyo juu ya chakula. Jumatatu nikaenda benki. Msichana wa kaunta, Rahab, akaniambia benki haimpigii mtu kuuliza namba ya siri hata siku moja, na Emmanuel hawamjui. Akanisaidia kubadilisha kadi. Pesa zetu zipo zote.

Nawe uwe macho. Anayetaka namba ya siri kwa simu ni mwizi, hata akijua jina lako, hata akikuita mama kwa sauti tamu. Mkatie, kisha nenda benki kwa miguu yako. Usiseme wewe ni mjanja. Mimi pia nilikuwa mjanja.

Ule muthokoi niliula peke yangu mpaka ukachacha. Jioni nikiketi, sikio bado liko kwa simu. Juzi ililia, namba nisiyoijua, nikaiacha mpaka ikanyamaza, halafu machozi yakanitoka. Nilikuwa nimemzoea yule mwizi, Mbeke. Ni aibu kusema, lakini nikimwambia nani kama si wewe?

Nisalimie shemeji, na Katee wenu na mtoto wake. Mungu awape kivuli katika joto hilo, na atufikishe Mwala sote tukiwa hai.

Na jioni ukipata nafasi, nibipu tu. Sitapokea, hutatumia hata senti. Nitaona jina lako, nijue kuna mtu ameuliza kikohozi.

Dada yako wa tumbo moja, akupendaye,
Nthambi