Mstari Mweupe wa Kiyoharu Usui

Mwaka umetimia, Baba Chinatsu, tangu uanguke kando ya mashine ya kuvunia mpunga kwenye shamba la watu, spana ikiwa mkononi. Familia nyingine zikifikisha siku kama hii huandika kwamba mpendwa wao aliondoka kwa amani, mambo yake yote yakiwa yamekamilika. Sisi hatuwezi kuandika hivyo. Wewe ulituachia gari juu ya vyuma, magurudumu yameegemea ukuta, na nusu ya bolti zake zimo kwenye mikebe ya biskuti isiyoandikwa chochote.

Tukuambie ukweli, mwaka huu tumekukasirikia sana.

Si kwamba hatukumbuki wema wako. Hukujua kumwambia hapana mkulima ambaye mashine yake imegoma na mvua inakuja kesho. Ulikwenda Jumapili, ulikwenda na homa, ulirudi na vitunguu majani vimefungwa kwa kamba ya mpunga na hukutaka kusikia habari ya shukrani. Siku ya kukuaga, wakulima wa mji mzima wa Oyama walikuja na suti nyeusi na viatu vyenye tope. Mmoja alilia mlangoni akashindwa kuingia. Mkeo Yasue alimshika mkono, akamwambia, "Ingia tu, hata yeye alikuwa anaingia na tope."

Tunakumbuka pia kahawa yako ya kopo, yenye maziwa na sukari ya kupita kiasi, na ile kalamu ya rangi nyeupe uliyoichomeka sikioni hata kwenye harusi. Ukishakaza bolti kwa kipimo chake, ulichora mstari mweupe kutoka kichwani mwake hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Mstari ukikatika, bolti imelegea. Mstari ukiwa mzima, mtu asiguse. Binti yako Chinatsu aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma.

Na tunalikumbuka gari, tutalisahau vipi? Lile jekundu lililopauka, la viti viwili, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Lilipokuja lilikuwa gari la kawaida, halijamkosea mtu. Wewe ukalifungia supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisindilia hewa mpaka ipate nguvu ambazo haikuzaliwa nazo. Hewa ikisindiliwa hupata moto, kwa hiyo ukaongeza rejeta ndogo ya maji ya kuipoza, na pampu ya umeme ya kuyazungusha maji hayo. Kisha kila kiwanja cha mbio kule Ibaraki kilipofungua milango kwa watu wa kawaida, ulikwenda kulijaribu. Raundi mbili gari linaruka. Ya tatu, joto linapanda, kompyuta ya gari inaogopa kuua injini, nguvu zinakatwa, na wewe unarudi polepole, mkono mmoja nje ya dirisha kuwapisha wenzako.

Ulitaka kitu kimoja tu: raundi tano mfululizo, nguvu zote. Miaka minne. Kila tukikuuliza ulijibu, "Bado kidogo." Mkeo alikuuliza habari ya safari mliyoahidiana ya kwenda kuoga kwenye chemchemi za moto za Kusatsu. "Gari likikamilika. Bado kidogo." Basi ukafa na bado kidogo yako.

Siku ya arobaini na tisa ya msiba, mtawa wa Kibuddha alipomaliza kusoma sala na kila mtu amepiga magoti mbele ya picha yako, Chinatsu alisema jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alisema kabla mwaka haujaisha ataweka hapo mbele yako karatasi ya muda wa mbio kutoka kiwanjani, yenye raundi tano safi. Dada yako Fumie akashusha pumzi. Mkeo hakushusha chochote.

"Sawa," alisema. "Na usipoileta, siku hiyohiyo ya mwaka gari linaondoka hapa kwangu. Limekaa penye kamba yangu ya nguo, nimechoka kuanika mashuka chumbani."

Chinatsu alijua mama yake hatanii. Alijua pia kwamba gari likiondoka hivyo, watu wa kiwanjani watakukumbuka kwa raundi ya tatu tu, maisha yote. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Alianza na rafiki yako Orikasa mwenye gereji, ambaye kwa miaka minne alikuwa anakusaidia kukosea. Walifungua mikebe ya biskuti, wakajaribu bolti moja moja. Kila jioni Chinatsu alirudi kutoka kazini posta, akala amesimama, akaingia chini ya gari.

"Penye mstari tusipoteze muda," Orikasa alimwambia. "Baba yako alishapita hapo."

"Najua, Mjomba. Nimekua na hiyo."

Aprili wakaenda Ibaraki. Raundi mbili, gari linaruka. Ya tatu, likafa mikononi mwake. Alipoingia kupumzika, rafiki zako walikuwa wamejipanga kwenye ukuta na makopo yao ya kahawa.

"Bado kidogo, eh?" mmoja akamtania.

"Damu ya Usui hiyo," mwingine akadakia. "Mwacheni, atafika mkiwa wazee."

Alicheka nao. Ndani ya helmeti alikuwa ameuma meno.

Julai walirudisha puli kubwa ya kiwandani, lile gurudumu la mkanda, ili supachaja isizunguke kasi mno. Gari likawa zito, na raundi ya tatu likakata vilevile. Septemba alikata matundu ya hewa kwenye boneti ya mbele, juu ya ile rejeta ndogo, kwa mkono wake mwenyewe, akajikata na vidole viwili, akafunga feni mpya mbele ya rejeta. Siku hiyo kulikuwa na upepo wa baridi kidogo, na gari likamdanganya mpaka katikati ya raundi ya nne. Alikuwa ameshaanza kutabasamu lilipokata. Akaliegesha, akashuka, akalipiga tairi teke, akaumia kidole cha mguu.

"Nimechoka," alimwambia Orikasa.

"Gari hizi ni hivyo, mwanangu."

"Siyo gari. Baba. Hakuandika kitu! Mtu anafanya kazi miaka minne haandiki hata mstari mmoja wa maneno, ila chuma chote kimejaa mistari ya rangi."

Orikasa akainama kukusanya spana. Alikuwa anakuonea aibu, Baba Chinatsu, na wewe hukuwepo kujitetea.

Ikabaki wiki mbili. Jumamosi mchana Chinatsu na Orikasa walikuwa wamekaa kwenye matairi wakilitazama gari kama watu waliofiwa upya. Pampu ya maji ilikuwa imewashwa, inanguruma vizuri, kifuniko cha tangi lake kiko wazi. Mkeo akapita na beseni la nguo, akachungulia ndani ya tangi.

"Haya maji yanatakiwa yaende?"

"Yanazunguka, Mama. Pampu inayasukuma."

"Mbona yanatetemeka tu? Kwenye tangi la samaki wangu yanakwenda kuliko haya."

Orikasa akaweka mkono kwenye pampu. "Inafanya kazi, Shemeji. Isikilize."

"Naisikia. Nimeuliza maji, sijauliza kelele. Hiyo pampu mmeifungua?"

Wakatazamana.

"Ina mstari wa Baba," Chinatsu alisema. "Kwenye nati za nyaya. Mstari mzima."

Mkeo akaweka beseni chini. Unalijua lile beseni likiwekwa chini.

"Mstari wa Baba! Baba yako alikuwa Buddha? Njooni jikoni niwaonyeshe bomba. Miaka sita nyuma alilifungua, akalifunga, akalichora mstari wake mweupe, akaniambia limepona. Linavuja mpaka leo. Kila nikimwambia anaangalia mstari, anasema haliwezi kuvuja."

Orikasa alianza kucheka, akaacha. Chinatsu alichukua spana namba kumi. Aliiweka juu ya ile nati, akaiondoa, kwa sababu mistari hiyo ndiyo maandishi yako pekee aliyokuwa nayo. Mstari ukikatika haurudi.

"Fungua, mwanangu," mkeo alisema, safari hii taratibu. "Yeye mwenyewe angefungua."

Akafungua. Rangi ikapasuka vipande vidogo, vikamdondokea kwenye kiganja. Akazishika zile nyaya mbili, mmoja mweusi mtupu, mwingine mweusi wenye mstari mwembamba wa kiwandani, akaufuata kila mmoja ulikoelekea. Kwenye mashine za kuvuna ulizozitengeneza miaka thelathini, waya wenye mstari ndio unaorudi kwenye bodi, upande hasi wa betri. Kwenye pampu ile ni kinyume chake. Mkono wako ulifunga ulivyozoea, bila kukuuliza. Pampu ikawa inazunguka kinyumenyume, inanguruma kama kawaida, na inasukuma maji ya kutosha kikombe cha chai tu.

Chinatsu alizibadilisha nyaya. Walipowasha, maji yaliruka kutoka kwenye tangi yakamlowesha Orikasa kifua kizima na mashuka mawili ya mkeo.

Orikasa alibaki ameketi pale na maji yake. "Kiyoharu, mjinga wewe," alisema. Kisha akasema, "Na mimi mjinga. Miaka minne naweka mkono hapo, nasikia mngurumo, nasema pampu ni nzima." Akajifuta uso kwa kitambaa cha oili, na hayakuwa maji ya tangi peke yake.

Alhamisi kabla ya mwaka wako walikwenda Ibaraki, na mkeo kwa mara ya kwanza maishani mwake akaenda nao. Alisimama kwenye uzio na mwavuli wa jua, akihesabu raundi kwa vidole. Gari lilipoanza raundi ya tatu, rafiki zako waliacha kunywa kahawa. Hakuna aliyetania. Likapita, linalia vilevile. Ya nne likapita. Ya tano lilipita na mkeo alikuwa amekunja vidole vyote, hana tena cha kuhesabia. Chinatsu hakuingia kupumzika. Alikwenda raundi ya sita, na alipoulizwa kwa nini, alisema tano zilikuwa zako, hiyo ilikuwa yake.

Hapo ndipo tulipokasirika kweli. Watu walikuwa wanapiga makofi, na Chinatsu ameketi ndani ya gari, helmeti kichwani, hataki kutoka. Mkeo akainama dirishani.

"Nini tena? Si umemaliza?"

"Dakika tatu, Mama. Spana moja, dakika tatu. Angeweza kuziendesha mwenyewe."

Mkeo aliingiza mikono dirishani. Alimvua ile helmeti, akamfuta pua kwa ncha ya mkono wa nguo yake nyeusi, kama alipokuwa mtoto.

Ndiyo, Baba Chinatsu. Ungeweza kuziendesha mwenyewe. Miaka minne ulirudi nyumbani umenyamaza, ukala umenyamaza, na raha yako ilikuwa imefichwa chini ya mstari uliouchora kwa mkono wako. Tungekuwa tumekwenda Kusatsu. Hatuwezi kukusamehe hilo upesi, na tunaandika hivyo hadharani ili usome.

Karatasi iko mbele ya picha yako, pamoja na kopo la kahawa, lile la sukari nyingi. Raundi sita, na tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho haifiki nusu sekunde. Gari litabaki, ila limehamia kwa Orikasa. Kamba ya nguo imerudi mahali pake. Nati za pampu zimekazwa upya. Orikasa alimpa Chinatsu kalamu nyeupe azichore, akaikataa, akanunua ya manjano. Anasema atakayekuja baadaye ajue nani alipita wapi, na nani wa kumuuliza.

Siku yenyewe ya mwaka, baada ya mtawa kuondoka na wageni kula, dada yako Fumie alikuwa akiosha bakuli jikoni.

"Yasue, hili bomba linavuja."

Chinatsu aliinuka palepale, spana ameshaipata, hatujui hata aliitoa wapi na nguo ile ya msiba. Mama yake akamzuia kwa mkono.

"Hilo acha."

"Mama, ni dakika tatu."

"Najua ni dakika tatu. Nimesema acha."

Wakasimama wote watatu wakiutazama ule mstari mweupe, mzima kabisa, haujakatika popote, na tone likijikusanya chini yake.

Tumeliwekea bakuli. Linadondoka hata sasa tunapoandika haya.

Ni sisi tusiokusahau: mkeo Yasue, binti yako Chinatsu, dada yako Fumie na jamaa wote wa mji wa Mito, pamoja na Orikasa, ambaye si wa damu lakini alikosea nawe miaka minne. Tutakuwa nawe moyoni siku zote, Kiyoharu, hata siku tunazokugombeza.