Andika na Sababu

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Hospitali ile kubwa inaitaka programu yetu ya kuchapa lebo za dawa. Mpaka sasa tulikuwa na zahanati ndogo tu. Bosi anatafuta mtu wa kuongoza mradi huo — mimi au Radi. Anasafiri, atatangaza Ijumaa akirudi. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Radi tulimpa jina hilo kwa anavyoitandika kibodi. Ana mkono mwepesi kuliko sisi wote, sibishi. Lakini ujumbe wake wa komiti! Yale maneno machache ambayo kila mtu huandika akiingiza badiliko kwenye msimbo wa pamoja, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ili wenzake waelewe. Yeye anaandika: "Rekebisho." "Rekebisho tena." "Sasa kweli." Wa leo: "Safi sasa." Safi nini? Palikuwa na uchafu gani? Nimemwuliza mbele za watu. Akasema anayetaka kujua asome msimbo, yeye si mtunzi wa hadithi. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanyia kazi nyumbani. Dada yangu mkubwa kanikuta naandika upya ujumbe mmoja. Namwandikia nani, kauliza. Nikamwambia: mtu wa mwakani, atakayekuta mstari wa ajabu akatamani kuufuta. Akasema huyo mtu wa mwakani ana bahati, maana yeye dada wa tumbo moja akinitumia ujumbe mrefu namjibu "sawa."

Kanipata.

Alhamisi, 7 Machi

NIMEWEZA!

Ngoja nianze mwanzo. Asubuhi muuguzi wa zahanati moja alipiga simu anafoka. Lebo imetoka na jina la mgonjwa aliyetangulia! Namshukuru Mungu aliiona kabla hajakabidhi dawa. Hatujakata simu, zahanati nyingine nayo — jambo lile lile. Roho juu ofisi nzima. Radi akafungua msimbo, mistari inapita, jasho linamtoka. Kabadilisha mengi wiki hii na hakumbuki lipi ni lipi. Akatazama ujumbe wake mwenyewe: "Rekebisho." Maskini!

Mimi msimbo sikuugusa. Nilitafuta "jina la mgonjwa" kwenye jumbe zetu za nyuma, ukatoka wangu wa mwaka jana: "Programu isubiri kidogo kati ya lebo na lebo. Printa za zamani zikiharakishwa hurudia jina lililotangulia. Usiondoe mpaka printa hizo zibadilishwe." Nikautafuta mstari wenyewe. Haupo! Umeondolewa Jumatatu, na ujumbe wa kuuondoa ndio ule "Safi sasa." Nikausoma kwa sauti. Sikuweza kujizuia.

Tukazirudisha zahanati kwenye toleo la wiki iliyopita. Muuguzi akapiga tena: majina yako sawa, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mtu. Kelele tulizopiga! Nikacheza pale penye mtungi wa maji ya kunywa mpaka mhasibu akachungulia. Sasa naitwa Mwalimu. Kichwa kimenivimba, mlango wa ofisi haunitoshi, na sioni aibu hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi anafika mchana huu. Msimbo hasomi. Akitoka safari husoma jumbe za komiti tu, ndimo anamojua wiki ilivyokwenda. Zahanati zilitupigia sisi, yeye bado hajui nani alikosea nini.

Radi kafanya rekebisho la kudumu mwenyewe. Kaja na kompyuta yake hadi dawatini kwangu, nisome ujumbe kabla hajauingiza:

"Nimerudisha muda wa kusubiri kati ya lebo na lebo. Bila huo, printa za zamani hurudia jina la mgonjwa aliyetangulia. Niliuondoa Jumatatu kuongeza kasi, bila kusoma kwa nini uliwekwa. Nimeongeza jaribio linalojiendesha, litakalogoma mtu akiuondoa tena."

Mzuri! Umeushinda wangu, maana jaribio mimi sikulifikiria. Nimefurahi na nimeona wivu kwa pamoja.

Kisha akasema polepole: sentensi ya tatu ikibaki, mradi ni wako, tunajua wote wawili. Ikitoka, Bosi hataona kitu. "Sheria ya kuandika sababu ni yako, Mwalimu. Useme wewe." Hakuomba. Angeniomba ningejua la kumjibu.

Nimemwambia anipe dakika, namalizia kuandika kitu. Ndicho hiki. Ile sentensi ni ya kweli na iko wazi, ndiyo hasa niliyoipigia kelele mwaka mzima. Na ninavyotaka ibaki, sababu yangu siwezi kuiandika kwenye ujumbe wowote.

Geti limefunguliwa, gari la Bosi linaingia. Radi kanisogezea kibodi, na kidole changu kiko kati ya kitufe cha kufuta na cha kuingiza.