Kumtangulia Mzee kwenye Kengele

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Johannesburg tuko salama. Nkambo wako mwanamke, bibi yako, anakusalimu. Bado anashona nguo pale Marshalltown. Unauliza utakapoanza kazi Jumatatu utawaongozaje mafundi waliokuzidi umri.

Nilipofika hapa nikiwa kijana, nilikuwa mlinzi wa kanisa lenye kengele nane, nikajiunga na wapigaji wa kengele hizo. Kila mtu alishika kamba yake, na kila mzunguko kengele zilibadilishana nafasi: anayekufuata sasa, baadaye unamfuata wewe. Mpangilio niliukariri wote. Lakini kila ilipofika zamu yangu ya kupiga kabla ya mzee aliyenifundisha, mkono ulisita. Kwetu Lubumbashi mkubwa hatanguliwi. Nilimngoja, milio ikagongana, tukasimama. Mara tatu.

Mzee hakukasirika. Alifuta mikono, akasema, "Eish, kijana, unaniheshimu mpaka unanizibia njia. Usipopita wewe, mimi nafasi yangu naipata wapi?"

Tukaanza upya. Nikamtangulia, naye akaja nyuma yangu, mlio safi. Kisha nikampisha.

Kwa hiyo Jumatatu wasalimie vizuri hao wazee, halafu uwape kazi. Wanakungoja.

Nkambo wako