Jogoo wa Pili wa Mjomba Kondo

Kaka Omari, shikamoo.

Natumaini homa imekuachia na wifi amepunguza kukusema. Mama magoti yake vipi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza inanivalisha soksi mpaka jikoni, na wazee ninaowatunza kazini wananiita Suzan kwa kuwa Zena limewashinda. Nimeshazoea. Ninalokuandikia leo si la baridi, na nakuomba usilisome mbele ya wateja dukani.

Unajua kwamba nasahihisha Kiswahili cha jarida letu la siasa, lile la kwenye mtandao. Ndiyo, hilo unaloliita gazeti la matusi. Sikatai kwamba lina upande. Nilijiunga kwa sababu lina upande, na hata leo natamani chama chenu king'oke, wewe na Mjomba mkiwa humo humo ndani. Lakini Jumapili nilikuwa kwa mhariri wetu, Denis, akanipa habari iliyotumwa kutoka Morogoro niinyooshe. Kichwa chake: "Mwenyekiti wa Kijiji Aingia Kaburini, Aapa Kuwafukia Wapinzani." Mstari wa pili nikakuta jina la Mjomba Kondo.

Mwanzo nilicheka, kaka. Si ulinisimulia mwenyewe msiba wa Mzee Salehe? Kwamba Mjomba, kwa kuwa ukoo wetu na wao ni watani, aliruka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka watoto wa marehemu warudishe kadi za upinzani, la sivyo anawafukia pamoja na baba yao. Idi, mtoto mkubwa wa marehemu, akamlipa jogoo ndipo akatoka, watu mbavu hawana. Katika habari ile jogoo hayumo, utani haumo, wala hakuna aliyecheka.

Nikamweleza Denis. Akaniuliza, "Maneno hayo alisema au hakusema?"

"Alisema, lakini ni mtani wao!"

"Zena, hata kwetu watani wanafanya hivyo msibani. Najua."

Anajua! Hilo ndilo lililonikata maini. Angekuwa hajui ningemfundisha.

Mwezi uliopita tuliandika habari za karani mmoja wa chama chenu huko mikoani. Vijana wakaichapa intaneti kafe, wakatoa kopi, wakazibandika sokoni, na wiki haikuisha duka lake likateketea. Denis akasema wasomaji wameitikia. Sasa Mjomba analala peke yake kule mlimani, nyumba ya nyasi. Naogopa, kaka.

Niligomba mpaka jirani akagonga ukuta. Mwishowe Denis akakubali hivi: nimletee mtu mmoja wa upande wetu aliyekuwepo makaburini, akiri mbele ya watu kwamba ulikuwa utani na yeye alicheka, habari ataitupa. Jarida linatoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Nikampigia Idi pale Mafiga, kwenye banda lake la kutengeneza baiskeli.

"Idi, siku ile si ulicheka?"

"Nilicheka, dada. Mjomba wako yule mtu hatari."

"Basi waambie watu."

Nikasikia mtu anajaribu kengele ya baiskeli.

"Dada Zena, siku ile ilikuwa msiba. Saa hizi ni uchaguzi. Masela wa tawini wataniuliza nachekaga na nani."

Akakata simu.

Sasa nisikilize. Barua hii nampa mama mmoja wa Kihonda anayesafiri kesho, maana simu yako inapokelewa na kila mtu dukani na sitaki maneno yatangulie. Ukiipata tu, panda umteremshe Mjomba. Asipite ofisi ya chama chenu, atataka kuja na msafara. Mpeleke moja kwa moja kwa Idi, mchana, banda likiwa limejaa hao vijana wa tawini. Alale mlangoni kama alivyolala kaburini. Baiskeli isiingie wala isitoke mpaka Idi amlipe jogoo wa pili. Mtani hafukuzwi, na vijana wale wamezaliwa hapo hapo, wanalijua hilo. Idi anaogopa kusema, lakini kucheka si anaweza? Wakicheka wote, hakuna wa kumuuliza mwenzake, na kicheko hicho cha mbele ya watu ndicho nitakachompelekea Denis.

Mama mwambie nimemkumbuka sana, haya mengine mfiche. Wifi na watoto nawasalimu, na shangazi wa Kingolwira mwambie khanga zake nimeziweka. Mjomba mpe shikamoo yangu. Mwambie ni mpwa wake wa upinzani anayemtuma akalale chini, atafurahi kupata sababu ya kunitukana.

Idi akicheka, nipigie hata kama niko kazini. Asipocheka, kaka, muinue Mjomba taratibu, mpanguse vumbi, na usimrudishe mlimani.

Mdogo wako,
Zena