Sketi ya Mama, Bukta ya Hilda

Chuo cha Ualimu, Mbulu
4 Agosti 2003

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Ndama ameanza kula majani? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna vidole.

Timu yetu ya kikapu haijafungwa tangu Mei. Nahodha wetu Scolastica, Mmbulu wa Maretadu, ananiita twiga. Mimi namwita kiazi. Tukishinda nusu fainali, tunacheza fainali ya vyuo vya mkoa mpya, Babati.

Lakini baba mdogo Gidabuday ameleta ujumbe. Tangu baba afariki, mimi ni mtoto wake, na mtoto wake havai bukta mbele ya wanaume. Nikicheza tena, atanitoa chuoni. Nifanyeje?

Binti yako,
Hilda

Basotu
19 Agosti 2003

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, mdomo mzima. Ndama anakula mpaka kanga yangu.

Cheza. Mashamba ya ngano yalipomeza malisho yetu, baba yako mdogo hakuinua fimbo. Aliwapisha wenye matrekta njia. Leo magoti ya msichana ndiyo yamemwamsha! Nimemwambia hivyo mnadani, watu wakisikia. Akanijibu, "Shemeji, elimu ya watu wazima imekuharibu." Nikamwambia, "Na kitabu bado sijakimaliza."

Mama yako

Mbulu
8 Septemba 2003

Mama,

Shikamoo. Hali yangu ni hasira tupu.

Jana baba mdogo alifika tukiwa mazoezini. Akatoa kwenye mfuko sketi yako ya ngozi, ile ya ndoa, akanitupia uwanjani. "Jifunike na hii!" Mwanaume kaishika, Mama, na ni mwiko! Na mimi sijaolewa hata niivae. Ilianguka vumbini. Scolastica aliiinua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nimeihifadhi kwenye shuka safi.

Nusu fainali tumeshinda. Fainali ni tarehe 27, lakini yeye amemwambia mkuu wa chuo aniondoe kabla.

Hilda

Basotu
18 Septemba 2003

Hilda,

Marahaba. Baridi nitaiulizia siku nyingine.

Kumbe ni yeye aliyeiiba sketi yangu! Nilikuwa nawapiga mbwa bure.

Wanawake wote wa hapa tumeketi kikao. Anayeidharau sketi ile amemdharau kila aliyezaa, na hukumu ni yetu. Hapo hata diwani hana sauti. Baba yako mdogo alileta mzee wa kumtetea. Tukamwambia mzee akatetee mbuzi wake.

Faini ni fahali mweusi. Tumeshamla. Nyongeza niliiomba mimi: aende mwenyewe kwa mkuu wa chuo akalifute neno lake, kisha apande lori nasi hadi Babati, akae katikati yetu, akutazame mpaka mwisho.

Akauliza, "Na nikisinzia?"

"Fahali wa pili."

Mama yako

Mbulu
30 Septemba 2003

Mama,

Shikamoo. Umefikaje na lile lori? Lilivyowaondoa haraka, nilikukabidhi sketi yako tu, hata kukukumbatia sikuwahi.

Kombe liko kitandani kwa Scolastica. Anasema nahodha halali peke yake.

Kuna jambo hukuliona. Wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma kwa pointi, baba mdogo aliwatoroka akaja kwenye benchi letu, akaninong'oneza, "Mwambie huyo mfupi akupasie mapema." Kiazi akamsikia: "Shikamoo mzee. Kaa kwa wenzako, usije ukachinja tena."

Hata hivyo alinipasia mapema.

Desemba nakuja likizo. Bukta nitaifua hapo nyumbani na kuianika kwenye boma la baba mdogo, upande wa barabara, wapita njia wote waione.

Mwambie asiiguse.

Binti yako,
Hilda