Nilikisifu Kitabu Nisichokisoma

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia huku daftari la mtu mwingine likiwa mbele yangu, daftari la kisomo lenye jalada la bluu, nimelisoma mara nne na kila nikilimaliza nalianza upya, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Tukuyu, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikitunza maktaba ndogo hapa Sumbawanga, na katika kazi zangu zote ninayoipenda zaidi ni ile ya Jumamosi, siku watu wa vijijini wanapokuja sokoni, ambapo mimi huweka ubao mlangoni na kuandika vitabu vipya, vitatu vya watu wazima na vitatu vya vijana, kisha husimama kwenye ngazi na kuvisifu kimoja kimoja kwa sauti, na kila sifa huimalizia kwa maneno haya: "Nimekisoma mwenyewe." Watu wameyazoea hata watoto wakikutana nami njiani huniita Dada Nimekisoma.

Ndugu Mshauri, sikuvisoma. Mwanzoni nilivisoma kweli, Mungu ni shahidi, lakini likaja sanduku la vitabu thelathini kwa mpigo, nikawa nasoma nusu nusu, baadaye dibaji tu, mwisho nikabaki kutazama jalada na ukurasa wa yaliyomo, na hakuna aliyewahi kunikamata, maana riwaya ukiisifu bure msomaji atakurudishia amenuna na mambo yataishia hapo.

Mwaka jana mwezi wa pili kikaja kitabu cha kilimo, kinene, jaladani kina picha ya trekta, nikafungua yaliyomo nikaona sura ya tatu inahusu kupanda kwa mistari, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: ACHANA NA MATUTA YA KIZAMANI, SOMA SURA YA TATU. Nilijua wakubwa wa wilaya wakipita watafurahi, na kweli walifurahi. Sikujua kwamba hapa Ufipa mvua zinapokaribia kwisha watu hukata nyasi na kuzifukia chini ya matuta ya mviringo, wenyewe huyaita ntumba, zioze humo mpaka msimu unaofuata, ndipo matuta hutawanywa na juu yake kumwagwa mbegu za ulezi. Mimi nilikuwa nayaona matuta hayo kando ya barabara nikidhani ni uvivu wa watu wasiotaka kunyoosha mistari.

Jumamosi ile alikuwepo mkulima mmoja wa kijiji cha njia ya Muze, nimempa jina la Kalisti, umri wa baba yangu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza amepata cheti cha kisomo cha watu wazima. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi akaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, hicho cha kilimo umekisoma kweli?" Nikamjibu, "Nimekisoma mwenyewe, baba." Akasema, "Basi na mimi nitakisoma. Kitakuwa cha kwanza maishani mwangu," na watu wakapiga makofi.

Alikaa nacho wiki mbili akainakili sura yote ya tatu kwa penseli katika daftari lake, akaacha kutengeneza matuta, mwezi wa kumi akachoma nyasi, akalima tambarare, akapanda ulezi kwa mistari ya kamba. Mkewe, nimwite Fransiska, aligoma, na binti yao Cornelia aliniambia kwamba wazazi walinuniana siku nyingi, mama akisema, "Udongo huu naujua mimi kuliko huyo mwenye picha ya trekta," na baba akimjibu, "Mama Cornelia, kitabu kimesomwa na mtu wa serikali, wewe unabisha nini?" Mvua ya Januari ilipokuja ilichukua udongo pamoja na mbegu, na ulezi uliobaki umeota wa njano, mwembamba kama nywele.

Wiki tatu zilizopita Kalisti na Fransiska waliingia maktaba. Nikasema shikamoo baba, shikamoo mama. Kalisti akaitikia, akaliweka daftari la bluu mezani.

"Kagua," akasema.

"Nikague nini, baba?"

"Nilinakili neno kwa neno. Kagua kama nimekosea hata nukta."

Nikafungua, nikasoma, mwandiko ule wa mtu anayebonyeza penseli mpaka karatasi inatoboka, na hakukosea hata nukta. Nikamwambia.

"Basi," akasema, "kama mimi sikukosea, nani amekosea?"

Ndugu Mshauri, unajua nilijibu nini? Nilisema, "Labda mvua, baba." Fransiska akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Mvua! Mwanangu, mvua ilinyesha kwa jirani pia. Ulezi wake unanifika kiunoni." Kalisti akasema daftari nibaki nalo, ni mali yetu sisi wasomi, na Cornelia nisimwone tena hapa.

Walipoondoka nikakitoa kitabu rafuni nikakisoma kwa mara ya kwanza, na kwenye ukurasa wa kumi na moja, sura ya kwanza, mwandishi amesema waziwazi kwamba maelezo yake ni ya mashamba ya bondeni yenye udongo mweusi mzito, wala yasifuatwe kwenye nyanda za juu, ndiyo huku kwetu.

Cornelia ana miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, alikuwa akiazima vitabu viwili kila Jumamosi, na sasa haji. Kijijini kwao watu kumi na mmoja wameacha kisomo wakisema kusoma kumemponza Kalisti. Yeye mwenyewe anashinda kwenye vibarua vya mashamba ya watu ili nyumba ile ipate chakula, na Fransiska ameachiwa matuta ya mwaka huu peke yake, na mvua ndiyo hii inaelekea ukingoni. Mimi nina sanduku jipya la vitabu limekaa limepigwa misumari, kila Jumamosi nadanganya kwamba nangoja ruhusa ya kulifungua. Isakwisa, kijana wa kwetu aliye karani hapa mjini, ananiambia, "Dada, jembe hukulishika wewe. Nyamaza, omba uhamisho, urudi kwenye migomba." Na mimi nawaza labda nisipendekeze tena kitabu chochote, nivipange tu rafuni kila mtu achague mwenyewe, maana nani amenipa mimi mamlaka ya kumwambia mtu soma hiki? Nihame, ninyamaze, au nifanyeje? Nimechoka na sauti yangu mwenyewe.

Dada Nimekisoma,
Sumbawanga


MSHAURI ANAJIBU

Dada,

Uliniomba nisikuhukumu kabla ya kufika mwisho. Nimefika. Umekosa.

Kitabu hakikukosa, kilitaja kwenye ukurasa wa kumi na moja kinasema na nani. Kalisti hakukosa, alinakili kwa uaminifu ambao wewe, unayelipwa mshahara kwa kusoma, hukuwa nao. Fransiska alionya mapema akaambiwa anabisha. Mvua umeshajibiwa habari yake, sina cha kuongeza. Tukiwaondoa hao wote anabaki mtu mmoja kwenye ngazi, na chaki mkononi.

Hata hivyo sikutupi. Mwongo aliyekomaa asingeniandikia, na asingerudi rafuni kutafuta ukurasa uliomshtaki. Najua pia kwamba vitabu thelathini hawezi kuvimaliza binadamu anayefagia maktaba, anayeandikisha wasomaji na kupika kwake jioni. Lakini nani alikulazimisha kusema umevisoma? Ungesema, "Ndugu zangu, nimesoma viwili, hivi vingine sijavifungua," nani angekupiga mawe? Wewe ulitaka makofi. Ukayapata, na Kalisti akayalipia.

Sasa nina ugomvi mwingine, na huu si wako peke yako. Neno "kizamani" ulilitoa wapi? Hukusema limetoka sura ya tatu, maana nimelitafuta katika maelezo yako yote sikuliona isipokuwa ubaoni. Uliliweka wewe, binti uliyekulia migombani, uliyekaa Ufipa miaka miwili bila kumuuliza mtu mmoja kwa nini matuta yake ni ya mviringo. Ulidhani ni uvivu! Mtu anafukua udongo, anafukia nyasi, anangoja miezi zioze, anapata mbolea bila kumpigia magoti mtu yeyote, na wewe unamwita mvivu. Katika nchi hii tunaimba kujitegemea asubuhi na jioni, kisha tunampata mtu anayejitegemea kweli na tunamfuta kwa chaki ili wakubwa wanaopita wafurahi. Tumejizoeza kuamini kwamba mtu aliyejifunza kusoma jana hakujua kitu juzi. Upuuzi huo nimeusikia kwenye mikutano, nimeusoma kwenye ripoti, na sasa umeniletea nyumbani kwa barua.

Tena mlimfundisha Kalisti kusoma, hamkumfundisha kubishana na anachokisoma. Mkewe alipobisha kwa ushahidi wa udongo, yeye alimnyamazisha kwa kutaja serikali. Hao kumi na mmoja walioacha kisomo siwalaumu. Wameona kusoma kunakofanana na kutii, na kutii walikwisha kukujua tangu ukoloni, hawakuhitaji darasa.

Kuhusu Isakwisa, mwambie amekushauri kama karani anayehamisha jalada kutoka meza hii kwenda ile. Utakwenda Tukuyu na ulimi uleule, na huko nako watu hula wanacholima.

Na hili wazo lako la kunyamaza limeniudhi kuliko lile la kuhama, kwa sababu limevaa nguo za unyenyekevu. Eti nani amekupa mamlaka? Amekupa yule aliyetembea tangu alfajiri akafika mlangoni pako hajui aanzie wapi. Kuna mama anayetaka kujua kwa nini mwanawe anaharisha, kuna kijana aliyemaliza shule anayetaka hadithi itakayomweka macho, na vitabu hivyo vipo, vimepangwa kwa migongo, vyote vinafanana. Ukinyamaza utakuwa mlinzi wa ghala. Pendekeza! Ila upendekeze kama mtu atakayekula matokeo.

Fanya hivi. Nenda kijijini kabla ya Jumamosi nyingine yoyote, na usipeleke kitabu. Ukifika msalimu Fransiska kwanza, maana alikuwa na haki na mpaka leo hakuna aliyemwambia. Mngoje Kalisti arudi kutoka kwenye kibarua, kisha uwaambie wote wawili: "Nilisema nimekisoma. Sikukisoma." Ishia hapo. Usitaje vitabu thelathini, usitaje uchovu, na neno "lakini" liache Sumbawanga. Cornelia usimtaje kabisa. Ukimtaja, baba yake atajua umekuja kumdai msomaji wako, na atakuwa amejua vizuri. Ruhusa ya mtoto ni yake yeye na mkewe, wataitoa au hawataitoa kwa wakati wao.

Kesho yake omba jembe. Fransiska ana matuta ya kaya nzima na mikono miwili. Utachubuka, utachekwa na watoto wa kijiji, utaambiwa wasomi wanalima kama kuku wanaopekua. Cheka nao na uendelee. Muulize nyasi gani hufukiwa na zipi huachwa, tuta liwe na kimo gani, kwa nini maharage hupandwa juu ya tuta, na akikubali uyaandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake juu. Hapo utakuwa na kitabu cha kilimo cha Ufipa chenye kurasa nne, na nakuhakikishia zitakuwa nzito kuliko vingi vilivyomo rafuni mwako.

Kile cha trekta usikichome wala usikifiche. Bandika karatasi ndani ya jalada uandike kwamba sura ya tatu ni ya udongo mzito wa bondeni, kwamba huku juu ilijaribiwa na ikaharibu, na kwamba aliyewashauri watu vibaya ni wewe, mtunza maktaba. Tia sahihi. Wakulima wa bondeni kule Muze huenda kikawafaa. Wakisome wao, wakibishe, wajaribu kipande kidogo kwanza.

Kisha ng'oa hiyo misumari. Soma kitabu kimoja mpaka neno la mwisho, na Jumamosi simama ueleze mambo mawili: kosa lako kwa sauti ileile uliyotumia kusifu, halafu hicho kitabu kimoja. Vingine vyote viandike chini yake kwa ukweli: SIJAVISOMA, ATAKAYETANGULIA ATUAMBIE. Cha kilimo kisipande ubaoni mpaka kimesomwa kwa sauti mbele ya wakulima watatu, na mmoja awe mwanamke. Vya vijana wape vijana wavisome kwanza, wakuambie wao, maana mtu mzima hukisifu kitabu cha vijana kwa sababu kina mafunzo, na kijana hukiacha kwa sababu hiyohiyo. Na kila anayerudisha kitabu apewe chaki aandike kilichomuudhi. Wakubwa wa wilaya watanuna. Wanune.

Jumamosi hiyohiyo waulize wasomaji wako nani atakwenda nawe Jumapili baada ya misa, na jembe lake begani. Wakitoka sita, matuta yale ni kazi ya siku mbili. Akitoka Isakwisa peke yake, mchukue Isakwisa.

Sitakuahidi kwamba utasamehewa. Kalisti anaweza kukuacha ulime kutwa nzima bila kukupa hata maji ya kunywa, na itakuwa halali yake. Cornelia anaweza kufanya mtihani wake bila kitabu chako hata kimoja, na hilo litakuwa juu yako maisha yako yote. Nenda hata hivyo, na wiki inayofuata nenda tena. Mvua zikikatika udongo ule unakuwa mgumu kama tofali, na tuta ambalo halijatengenezwa kabla ya hapo hakuna kitabu kitakachomlimia Fransiska. Hesabu wiki zilizobaki, kisha uondoke asubuhi.